Daraja la Karatasi

Lukelo kaja kutoka Ifunda na mfuko wa sembe,
ndani ya mfuko taulo, ndani ya taulo nailoni,
ndani ya nailoni Bwana Ngebe, toleo la kwanza,
mwaka sabini na tisa, shilingi tatu na senti hamsini;
jaladani amempanda punda kinyumenyume
anauhubiria mkia.

"Mama Nyalusi, nasikia wewe ndiye unayetoa daraja."

Mimi hushona vitabu vya nyimbo vya kanisani
na leja za vyama vya mikopo, hapa Mafinga,
nyuma ya wauza viatu.
Ila yupo tajiri wa Mbeya, Mwasumbi,
anayekusanya magazeti ya katuni ya zamani:
hanunui hata ukurasa bila sahihi yangu.
Sabini na tisa iliyo safi, milioni moja na nusu.
Yenye selotepu, laki mbili, na atanuna.
Iliyopakwa rangi upya halafu ukaficha,
humwoni tena.

Nikanawa mikono, nikafuta, nikangoja.
Juni hii mikono haikauki upesi.
Mgongo: umenyooka.
Pini mbili, moja ina kutu, ndogo kama punje ya ulezi.
Pembe ya chini imelika, panya au mtoto.
Ukurasa wa kumi na mbili mtu kamchora Ngebe masharubu
kwa kalamu ya bluu, kisha akajuta,
akajaribu kuyafuta kwa mate.
"Ni mimi," akasema Lukelo. "Darasa la pili. Baba alinichapa."

Hadi hapo moyoni nilishaandika saba kwa kumi.

Nikainua ukurasa dirishani.

Miaka kumi na moja nilivaa koti jeupe Mgololo,
maabara ya kinu, zamu ya usiku,
nikichana karatasi kwa mashine
kujua inakubali kuchanika kwa nguvu gani.
Karatasi naijua kama mkunga anavyojua kilio.
Na hii ilikuwa na vipunje vya kahawia,
maganda ya mipaini,
vimetawanyika kama viroboto kwenye shuka.

Nilivijua.
Rojo halikuoshwa vizuri wiki ile,
wiki niliyomzika mwanangu wa kwanza
na siku ya nne nikarudi kazini,
nikazitazama roli zile, nikaandika *Imepita*
kwa sababu kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Hiyo ni themanini na saba.
Sabini na tisa, pale penye kinu palikuwa na nyani.

Kumbe walichapa tena na tarehe wakaiacha,
labda kwa uvivu, labda kwa njaa.
Mwasumbi na lenzi yake hatagundua.
Atatazama pini, pembe, masharubu.
Kisha atasoma jina langu.

Lukelo ana mdogo wake, Tulalumba,
anaanza uuguzi Ilembula mwezi wa tisa.
Hakusema ili nimhurumie;
niliuliza mwenyewe pesa ni za nini,
nikajuta kuuliza.

Nikamwonyesha kipunje kimoja.
Akakitazama kama mtu anayehesabu nauli mara ya pili.
"Ukiichovya kwenye chai," akasema polepole,
"si inazeeka?"

Inazeeka. Nimeletewa za namna hiyo.
Zinanuka jikoni maisha yao yote.

Nikaandika:
Chapa ya kurudiwa. Karatasi ya Mgololo.
Pini za asili. Pembe moja imelika.
Masharubu ya mtoto, hayakufutika.
Haijatengenezwa popote.
Sita na nusu. Elfu sabini, akipatikana mtu muungwana.
Nikaweka sahihi, herufi zote,
safari hii nikiitazama kalamu inavyokwenda.

Birika lilikuwa linachemka, majani ya Mufindi,
meusi ya kutosha kuzeesha maktaba nzima.
Lukelo akalitazama birika,
akanitazama mimi.

Nikamimina vikombe viwili.
Sukari ilikuwa imebaki kidogo, nikampa yeye.